Otunga hakupiga kelele. Je, alinyamaza?

Kila tarehe 6 Septemba ikikaribia, ubishi wa Bungoma huwa ule ule: Kadinali Maurice Otunga, aliyefariki siku hiyo mwaka 2003, alikuwa mtu wa Mungu au alikuwa mtu wa kukaa kimya? Mwaka huu niliusikia Chwele, siku ya soko, kutoka kwa mwalimu mstaafu ambaye hana haja ya kipaza sauti. "Muge alikufa," alisema. "Okullu alitukanwa. Wenu alikuwa akisali."

Mwalimu ana hoja, tena nzito. Mwaka 1990 waziri Peter Okondo aliwaonya Askofu Alexander Muge wa Eldoret na Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini wasikanyage Busia, la sivyo wangekiona cha mtema kuni. Muge akaenda. Tarehe 14 Agosti, akiwa njiani kurudi, gari lake likagongana na lori la maziwa pale Kipkaren, na hakufika nyumbani. Kule Nakuru, Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki aliilaumu serikali waziwazi kwa damu iliyomwagika Molo katika mapigano ya kikabila. Hao ndio tunaowakumbuka tukisema "kanisa lilisimama". Otunga alikuwa Askofu Mkuu wa Nairobi tangu 1971 hadi 1997, na kadinali tangu 1973, Mkenya wa kwanza kufika huko. Ikulu ilikuwa jirani. Mwombe mzee yeyote akutajie hotuba moja ya Otunga iliyoitikisa serikali, atajikuna kichwa.

Mimi na mwalimu tunaachana hapo kwenye hotuba. Muge na Okullu walikuwa Waanglikana. Askofu wao akipanda mimbarini na kunguruma, ni yeye na jina lake. Wakatoliki walikuwa na silaha nyingine, na haina mvuto kwa anayependa mkutano wa hadhara: waraka wa kichungaji. Maaskofu wanajifungia, wanabishana neno kwa neno, wanatia sahihi, kisha waraka unasomwa kuanzia kanisa kuu hadi kigango ambacho hakina hata kengele. Walifanya hivyo Juni 1990 kuhusu hali ya nchi. Wakarudia Machi 1992, wakati nyumba zilikuwa zikichomwa Trans Nzoia na Mlima Elgon na wakimbizi wakishuka Bungoma na magodoro kichwani, na safari hiyo waliunyoshea utawala kidole. Mchungaji mmoja unaweza kumtisha. Waraka uliosomwa Kibabii, Kisii na Lodwar utautishaje?

Sasa fikiria sahihi. Kadinali mmoja akikataa kutia yake, kesho yake hakuna anayezungumzia waraka, wote wanamzungumzia yeye, na serikali inapata kichaka cha kujificha. Otunga hakukataa. Mtu anaweza kusema hicho ni kiasi kidogo mno kwa mwenye cheo kile, na sitagombana naye sana. Ila kidogo si sawa na kutokuwepo.

Kwangu mimi, hata hivyo, utumishi wake wa umma haumo kwenye aliyosema wala aliyotia sahihi. Umo kwenye aliyoyakataa. Baba yake, Sudi Namachanja, alikuwa chifu mwenye wake wengi, na kwao inasimuliwa kwamba mzee alitaka mwana huyu amrithi. Mwana akachagua upadre, akawekewa mikono Roma mwaka 1950. Tunaoishi huku tunajua kiti cha chifu enzi zile kilikuwa na maana gani: ardhi, kodi, watoto wa nani watasoma na wa nani watachunga.

Halafu angalia mwisho wa safari. Alistaafu 1997 akiwa na miaka 74. Angeweza kujengewa nyumba Karen. Waumini wangechanga kabla ya misa kwisha. Alienda kuishi kwenye Nyumba ya Wazee, Kasarani, kwa Masista Wadogo wa Maskini. Masista hao huishi kwa kuomba: wanapita sokoni na madukani, kabeji hapa, mfuko wa sukari pale, na kinachopatikana ndicho kinachoingia jikoni. Kadinali aliyewachagua mapapa wawili mwaka 1978 alikaa meza moja na wazee wasio na wa kuwatazama, akala cha kuombwa. Nimeipigia hesabu zaidi ya mara moja. Miaka sita, milo mitatu kwa siku: zaidi ya sahani 6,000. Katika nchi ambayo diwani wa muhula mmoja anadai walinzi maisha, hesabu hiyo hainitoki kichwani.

Kuna lile ambalo sisi tunaompenda hulipita mbio. Mwaka 1996, Uhuru Park, alisimama kando ya moto uliochoma kondomu na vijitabu vya kufundishia kujikinga. Serikali yenyewe haikutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa hadi 1999, kwa hiyo si yeye peke yake aliyekosea njia. Lakini serikali ilichelewa kwa woga. Yeye alichoma kwa imani, na imani huenda mbali zaidi. Mwaka 1998 tulimzika binamu yangu, mwaka uliofuata mkewe, mwimbaji wa kwaya. Sisemi moto ule uliwaua. Nasema shemeji alikuwa ameukata ukurasa wa gazeti wenye picha ile akaubandika ukutani kando ya kalenda, na tulipokusanya vyombo baada ya matanga bado ulikuwa pale, kona moja imeliwa na mende.

Ni ugumu ule ule. Mtu aliyekataa uchifu na nyumba ya kustaafu ndiye aliyekataa kusikia daktari. Huwezi kuchukua ule mmoja ukauacha huu.

Alizikwa Msongari, kisha mwaka 2005 akahamishiwa Karen. Wako Wabukusu wanaolalamika hadi leo kwamba hakuletwa Chebukwa, alikozaliwa. Mzee wa hadhi yake, kimila, baada ya kuzikwa anafanyiwa kumuse: oswala kumuse anatembea huku na huko katikati ya watu, fimbo mkononi, akieleza ukoo ulikotoka, marehemu alifanya nini, na watu wake wameteleza wapi. Hakatizwi na mtu. Kanisa sasa linamwita Mtumishi wa Mungu na linakusanya ushahidi ili siku moja atangazwe mtakatifu. Nilimwambia mwalimu ningependa ushahidi huo ukusanywe hivyo, peupe, na ukurasa wa shemeji ukiwemo.

Mwalimu alikoroga chai yake muda mrefu. "Huyo oswala kumuse wako," aliuliza, "angeanzia wapi? Kwenye uchifu au kwenye moto?"

Nikamwambia angeanzia Kasarani, kwenye sahani.