Shangazi Yangu Hakumkopesha Mtu

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu kutoka Njoro hadi mjini Nakuru kuchukua tangi lake la maji la lita 5,000, na tukapokewa na kufuli mbili. Ya kwanza ilikuwa ya duka lenyewe. Ya pili, mpya na inayong'aa, ilikuwa ya dalali, na juu yake palibandikwa karatasi iliyosema kwamba bidhaa zilizomo ndani zimezuiliwa kwa sababu ya kodi ya pango ambayo haijalipwa. Shangazi, ambaye husoma kila kitu polepole na kwa sauti, aliisoma karatasi hiyo mara mbili, kisha akachungulia kwenye mwanya wa mlango wa chuma. "Matangi yamo," akasema. "Nayaona. Moja hapo ni langu."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa sababu mbele ya sheria haikuwa kweli.

Alilipa shilingi 38,000 kwa awamu tano, kuanzia Septemba hadi Februari, zote zikiwa fedha za maziwa ya ng'ombe wawili, na kwa kila awamu alipanda matatu hadi mjini ili amwone muuzaji ana kwa ana. Alilitaka tangi kabla ya masika. Wakazi wa sehemu hizi hawahitaji kuelezwa sababu: maji ya visima vyetu yana floridi, meno yetu hutoa ushahidi kila tunapocheka, na mwenye paa la mabati asiye na tangi huyatazama maji mazuri yakipotelea mtaroni kila Aprili. Alikuwa amekwisha kumlipa fundi akamjengea msingi wa zege wa kuliweka tangi hilo.

Nilimwuliza wakili mmoja ninayefahamiana naye. Alinijibu kwa upole, kama daktari aliyezoea habari mbaya, kwamba kisheria shangazi ni mdai asiye na dhamana. Nilimwomba arudie. Maana yake ni kwamba mama huyu wa Njoro, ambaye hajawahi kuchukua hata mkopo wa chama, alikuwa amelikopesha duka la mjini shilingi 38,000, bila riba, bila rehani, na bila mtu yeyote kumwuliza iwapo anataka kuwa benki.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo hakuna mama wa sokoni anayeyachanganya. Mkopo ni fedha ninazokupa uzitumie upendavyo, mradi siku ikifika unirudishie nyingine. Amana ni kitu ninachokukabidhi unitunzie mpaka wakati wake. Aliyeshindwa kulipa mkopo ni mdaiwa, na huenda tukamwonea huruma. Aliyekula amana amefanya hiana, na hata nduguze humwonea haya. Mtu anayelipia tangi kidogo kidogo kwa miezi sita, akihesabu kila awamu katika daftari la mtoto wa shule, hamkopeshi muuzaji. Anamkabidhi. Muuzaji naye anajua hivyo, ndiyo maana humwambia, "Mama, pesa zako ziko salama." Hakuna anayemwambia mkopeshaji maneno hayo. Lakini duka likifungwa, sheria hulifuta neno amana na kuandika mkopo mahali pake, na fedha za maziwa zikawa sehemu ya mali ya kampuni, zikigombaniwa na kila aliyeidai.

Ugomvi huo una foleni yake. Kampuni ikifilisiwa rasmi chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, benki yenye rehani hujichukulia kile kilichowekwa rehani. Kisha hulipwa gharama za ufilisi wenyewe, yaani mfilisi hula kwanza kwa kazi ya kutuambia kwamba chakula kimekwisha. Hufuata mishahara ya wafanyakazi, isiyozidi shilingi 200,000 kwa kila mmoja, na hilo silipingi hata kidogo. Hufuata kodi ya serikali. Nyuma kabisa, pamoja na msambazaji wa misumari na mwenye ankara ya simu, anasimama mama aliyelipia kitu kizima na hajapata hata mfuniko wake.

Nakuru, kati ya miji yote, haikupaswa kusubiri kufundishwa jambo hili. Jina la Nakumatt, ule msururu wa maduka makubwa, lilitokana na duka la magodoro la mji huu huu, na wadai wake walipopiga kura ya kuifilisi mnamo Januari 2020, madeni yalikuwa yakihesabiwa kwa mabilioni. Tuskys, ambayo mizizi yake pia iko katika kaunti hii, haikuchelewa kuyumba. Tuliandika maombolezo marefu kuhusu maduka hayo, tukakumbuka ofa za Desemba, kisha tukaenda kulipia makochi kwa awamu katika duka lililofuata.

Nitaambiwa kwamba sheria ndivyo ilivyo duniani kote. Sivyo kabisa. Huko Uingereza, katika miaka ya 1970, kampuni ya Kayford iliyokuwa ikiuza matandiko kwa njia ya posta iliona mambo yanaharibika, ikashauriwa kuziweka katika akaunti ya pembeni fedha za wateja waliokuwa wamelipa na hawajapokea bidhaa. Kampuni ilipofilisiwa, wadai wengine walizinyemelea fedha hizo. Jaji Megarry aliamua kwamba zilikuwa zimetunzwa kwa niaba ya wateja na kwamba hazikuwa mali ya kampuni, kwa hiyo wateja wakarudishiwa. Hapakuhitajika sheria mpya ya bunge, wala mamlaka mpya yenye mkurugenzi na gari. Ilitosha kuwa na akaunti ya pili na nia inayoonekana ya kutozigusa fedha za watu mpaka mzigo utoke dukani. Nasi tulirithi kanuni hizo hizo za sheria za Kiingereza, na mahakama zetu huzitumia kila wiki katika kesi za mashamba na urithi. Kwa nini mashamba ya matajiri yatunzwe kwa amana, na tangi la Njoro lihesabiwe kuwa mkopo?

Ninachodai basi ni kidogo. Duka linalopokea malipo ya awamu kwa bidhaa ambayo haijatoka lisipewe leseni ya biashara ya kaunti mpaka lionyeshe akaunti ya amana za wateja, iliyo mbali na fedha za kodi ya pango, mishahara na ada ya shule ya watoto wa mwenye duka.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba wauzaji wengi wadogo huzitumia fedha hizo hizo kununulia mzigo wa kesho, na kwamba ukizifungia kabisa baadhi yao hawataweza hata kufungua mlango. Nakubali pia kwamba si kila aliyefunga duka ni mwizi. Mwenye nyumba hakusubiri, msambazaji hakuongeza muda, wateja wengine walichukua mali na kupotea. Ila anayehitaji mkopo wa kuendeshea biashara aende akaombe mkopo, aulizwe maswali, aweke dhamana. Asiuchukue kwa shangazi yangu na kuuita huduma ya lipa polepole.

Pale pale mlangoni tulimkuta mwanamke mmoja wa Rongai, naye alikuwa amelipia tangi, lakini yeye hakuwa akilia. Siku aliyomaliza kulipa, gari la kulibeba lilikosekana, akakataa kuondoka mpaka jina lake liandikwe ubavuni mwa tangi lile kwa rangi nyeupe, na risiti iseme kwamba tangi lenye jina hilo ni lake na limebaki dukani kwa kuhifadhiwa tu. Wahudumu walimcheka. Jumatatu, tuliporudi sote, dalali alinung'unika, akapiga simu mbili, akalitoa. Sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa husema kwamba umiliki wa bidhaa ambayo bado haijabainishwa hauwezi kuhamia kwa mnunuzi. Tangi moja kati ya kumi yanayofanana si la mtu mpaka lichaguliwe. Mama yule alikuwa amelichagua la kwake kwa brashi. Shangazi alisimama akilitazama likipakiwa kwenye pikapu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi nilimwona amekasirika kweli, kwa kuwa mwezi Desemba naye alikuwa amependekeza jambo hilo hilo akaambiwa, "Mama, kwani hutuamini?"

Kuhusu njia nyingine zote, nitasema kwa ufupi. Tulituma ujumbe wa muamala kwa 456, na tukajifunza kwamba kurudishiwa fedha za M-Pesa kuliwekwa kwa ajili ya waliokosea nambari. Aliyemwamini asiyestahili hana nambari yake. Aliyelipa kwa kadi ya benki anaweza kuiomba benki yake ipinge malipo ya bidhaa isiyofika. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inamruhusu mnunuzi kuvunja mkataba ikiwa bidhaa haijaletwa ndani ya siku 30 baada ya tarehe iliyokubaliwa, haki nzuri sana, ambayo tulikwenda kuiwasilisha mbele ya kufuli.

Kituo cha polisi tulisikia maneno ambayo kila msomaji wa Kenya anayajua kwa moyo: "Mama, hilo ni deni, nenda mahakamani." Afisa hakukosea kabisa. Kanuni ya Adhabu inasema kwamba udanganyifu wa kujipatia mali ni uongo kuhusu jambo lililopita au lililopo. Ahadi ya kesho iliyovunjwa haitoshi. Ila nilimwomba aisome meseji ya tarehe 3 Februari, ambayo shangazi alitumiwa kabla ya kulipa awamu ya mwisho: "Mama tangi lako liko kwa lori tayari malizia balance." Hiyo si ahadi ya kesho. Ni habari ya jambo lililopo, na kama lori halikuwepo, basi ni uongo wa aina ile ile inayotajwa katika sheria. Afisa aliisoma, akainua nyusi, akatuandikia nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Wenye shida kama hii wazitunze meseji zao, hasa zile zinazoanza na "tayari".

Kilichobaki ni Mahakama ya Madai Madogo, na hapa kwa mara moja sina kejeli. Madai yasiyozidi shilingi milioni moja, hukumu ndani ya siku 60 tangu kesi kufunguliwa, hakuna ulazima wa wakili, na masharti makali ya ushahidi hayatumiki. Ugumu ulikuwa kujua tunamshtaki nani, kwa sababu duka lilikuwa na jina moja juu ya mlango, jingine kwenye risiti, na la tatu kwenye ujumbe wa M-Pesa. La tatu ndilo lililopatikana katika sajili ya kampuni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, pamoja na wakurugenzi wake wawili. Nilifarijika kugundua kwamba kufunga mlango si kufilisika: kampuni bado iko hai kwenye sajili, na deni liko hai pamoja nayo. Mahakama ikikubali, wito unaweza kupelekwa hata kwa WhatsApp, na mkurugenzi mmoja, ambaye hapokei simu zetu, huweka picha mpya ya wasifu kila Jumapili. Najua kwamba hukumu si fedha, na kwamba ikiwa dalali atayauza matangi kabla yetu, tutabaki na karatasi yenye muhuri. Tumeifungua kesi hata hivyo.

Katika kundi la familia, binamu mmoja ameandika kwamba "wazee wanapaswa kuwa makini". Binamu huyo alilipia kiwanja kwa picha.

Risiti mbili za mashine zimefifia mpaka tarakimu hazisomeki. Nimezipiga picha kwenye mwanga wa dirisha nikaongeza weusi, na kiasi kimeonekana. Jana shangazi alinipigia simu kuuliza iwapo ziletwe mahakamani zote tano au zitoshe zile za M-Pesa. Mvua ilikuwa ikinyesha Njoro, nikaisikia ikipiga mabati nyuma ya sauti yake. Ameweka sufuria na ndoo chini ya mchirizi, na juu ya msingi wa zege, kwa kuwa ni mahali pakavu palipoinuka, kuku wameanza kulala.