M5 au E63: barabara ya Kasumbalesa nayo ina neno lake

Mdogo wangu amehangaika miaka sita na malori yanayohudumia migodi ya huku Katanga, akaweka akiba kidogo kidogo, na sasa anataka kujinunulia gari moja la roho yake. Amebaki na mawili. Moja ni BMW M5 ya mwaka 2013, kizazi cha F10, liko Afrika Kusini na usukani wake uko kulia. La pili ni Mercedes E63 AMG 4Matic ya mwaka 2014, liko Ubelgiji, usukani kushoto. Ukijumlisha usafiri na ushuru, bei hazijaachana sana. Jumapili, baada ya misa, aliniuliza mbele ya ndugu wote: "Yaya, nichukue lipi?" Kila mtu pale alikuwa na jibu tayari isipokuwa mimi. Nimelala na swali hilo siku nne.

Audi tuliiondoa mapema. RS6 ya miaka hiyo ilitoka katika umbo la mgongo mrefu tu, lile la kubebea familia na mizigo, na yeye anataka sedani yenye buti yake ya kawaida. Sina ugomvi na hilo.

Kwenye karatasi, haya mawili huwezi kuyatenganisha. M5 ina injini ya V8 ya lita 4.4 yenye turbo mbili, yaani feni zinazosukuma hewa ndani ya injini, nguvu za farasi 560 na msokoto, ile nguvu ya kuzungusha, wa Nm 680. E63 ina V8 ya lita 5.5, nayo kwa turbo mbili, farasi 557 na Nm 720. Farasi watatu ndio wanaowagombanisha vijana wetu usiku kucha. Tofauti ya kweli inaonekana pale pa kuondoka: BMW inatangaza sekunde 4.4 kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa, Mercedes inatangaza 3.7. Hapo injini haina kosa, ni miguu. M5 inasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Ile 4Matic inagawa nguvu, theluthi moja mbele na theluthi mbili nyuma, kwa hiyo haipotezi muda kusugua lami.

Binamu yetu alisimama kutetea M5 ya zamani, E60, ile ya V10 iliyotengenezwa kati ya 2005 na 2010. Namwelewa kabisa. Injini ile inapanda mpaka mizunguko 8,250 kwa dakika, na sauti yake inakupandisha nywele mikononi. Lakini haina turbo, na Lubumbashi, mji wetu, iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10, na injini inayojivutia pumzi yenyewe inapoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho hicho. Wale farasi 507 waliohesabiwa Ujerumani wanafika kwetu wakiwa kama 445. Turbo yenyewe inajizungusha zaidi, inaifidia injini hewa iliyopungua, na hasara inakuwa ndogo sana. Ndiyo maana mtu wa Matadi, kule bandarini, na mtu wa Lubumbashi wanaweza kusoma namba zilezile na wasipate gari lilelile. Hilo halitajwi kwenye video za Ulaya ambazo mdogo wangu anazitazama kila usiku.

Sasa, M5. Niseme wazi kwamba kwa mtu anayependa kuendesha, ningeiweka mbele. Pua yake inaingia kona kwa utii ambao E63 haina. Giaboksi yake ina klachi mbili na vitesi saba, unabadilisha kabla kidole hakijatoka kwenye kibao. Kwenye usukani kuna vitufe viwili, M1 na M2: unapanga mwenyewe ugumu wa amortisa (shokamzoba), uzito wa usukani na ukali wa injini, unahifadhi, na siku ukifika kwenye barabara iliyonyooka unabonyeza mara moja gari linageuka tabia. Diski za breki za mbele zina kipenyo cha milimita 400, kubwa kuliko zile za Mercedes. Kuna jambo moja tu linaloniuma: BMW walichukua sauti ya injini wakaipitisha kwenye spika za ndani ili dereva asikie mlio mkubwa zaidi. Gari lenye silinda nane halihitaji kusaidiwa kuimba.

E63 haina shida hiyo. Ukifungua boneti unakuta juu ya injini kibao kidogo chenye sahihi ya mtu. AMG, kitengo cha magari ya kasi cha Mercedes kilichoanzishwa mwaka 1967, ina desturi ya kumpa fundi mmoja injini moja huko Affalterbach, Ujerumani: anaiunganisha peke yake tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha anaweka jina lake. Nimewahi kuinamia boneti ya namna hiyo mtaa wa Golf, nikapangusa vumbi jekundu kwa kidole mpaka herufi zikatokea. Sahihi yenyewe ilikuwa ya haraka haraka, kama ya daktari kwenye karatasi ya dawa. Nilifurahi kupita kiasi, na sioni aibu kusema. Kuendesha, lakini, ni gari zito mkononi. Linakwenda mbele kwa hasira, halichezi. Giaboksi yake ikiwa mwendo wa polepole mjini inashtuka shtuka.

Kama magari yote mawili yangekuwa mbele yangu huko kwao Ulaya, ningechukua M5 bila kugeuka nyuma. Hapa kwetu naanza na usukani.

Kongo tunaendesha upande wa kulia. Zambia, Tanzania na Afrika Kusini wanaendesha kushoto, na kwa kuwa magari mengi yanatufikia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, tumezoea kuona usukani upande usiofaa. Kwa gari dogo la mjini unaweza kuvumilia. Kwa gari la farasi 560, sivyo. Nilipanda mwaka jana na rafiki yangu kwenda Kasumbalesa, kilomita 90 hivi, gari lake usukani kulia, mimi nimekaa kushoto. Mbele yetu lori limebeba sahani za shaba, nyuma ya lile lingine, na lingine. Yeye haoni kitu isipokuwa turubai. Mimi ndiye niliyekuwa jicho lake: nachungulia, nasema "bado, bado, kuna basi", kisha "pita!" Kila niliposema "pita" moyo ulikuwa kooni, kwa sababu yeye alikanyaga kwa kuniamini mimi, bila kuona. Sasa fikiria mdogo wangu yuko peke yake ndani ya M5. Atalazimika kulitoa gari karibu lote katikati ya barabara ndipo aone kinachokuja. Mwendo mkubwa haumwokoi hapo. Unamfikisha haraka zaidi kwa kile asichokiona.

Na hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Mercedes hawakuitoa E63 ya kizazi hicho yenye 4Matic kwa nchi za usukani wa kulia. Kwa hiyo ukiletewa E63 kutoka Afrika Kusini, ujue inasukuma nyuma tu, hata kama ni ya mwaka uleule na rangi ileile. Anayetaka magurudumu manne lazima atafute usukani wa kushoto, na usukani wa kushoto ndio tunaouhitaji. Mambo mawili yanakuja kwa mkupuo mmoja.

Magurudumu manne yenyewe yana faida gani huku ambako hakuna theluji? Mvua za kwanza. Tangu Mei mpaka Septemba vumbi na mafuta ya malori vinajilimbikiza juu ya lami. Mvua za mwanzo zikianguka, barabara inakuwa kama sabuni kwa siku kadhaa. M5 inatoa Nm 680 zake zote tangu mizunguko 1,500, yaani unapogusa tu pedali, na zote zinakwenda nyuma. Kompyuta inazuia mengi, nakubali. Bado nisingependa aijifunzie pale daraja la kwanza la barabara ya Likasi.

Haki yake M5 nayo apewe. Kwa mashimo na matuta yetu, yenyewe ina nafuu. Tairi lake la nyuma ni 295/35 la inchi 19: kati ya janti na lami una sentimita kumi za mpira. E63 yenye janti za 19 ina 285/30, haifiki tisa. Shimo moja lililojaa maji, janti inapinda. Tena nyuma E63 inakaa juu ya mifuko ya hewa, wakati M5 ina springi za chuma pande zote nne. Chuma huvunjika mara chache, na fundi yeyote wa mtaa wa Kampemba anaijua. Mfuko wa hewa ukitoboka, unasubiri kipuri kitoke nje. Kwa hiyo nimemwambia, akichukua Mercedes, jambo la kwanza atafute seti ya janti za inchi 18, maana toleo la awali la kizazi hicho liliuzwa nazo.

Injini zote mbili zina magonjwa yanayojulikana. Kwa BMW, turbo zimewekwa katikati ya V, palipo na joto kali, na mipira na plastiki za jirani huzeeka mapema. Beringi za konrodi, ile mikono inayoshika pistoni, nazo wenye magari hayo wengi hupenda kuzibadilisha kabla hazijalalamika. Kwa Mercedes, sikiliza mnyororo wa injini asubuhi: zikiwaka zimepoa, baadhi hukwaruza sekunde chache kwa sababu oili imetoka kwenye kikaza mnyororo. Watengenezaji wote wawili wanapendekeza esansi ya oktani 98. Kwa hiyo bidoni za kadhafi, wale wauza esansi wa pembeni ya barabara, zisahaulike kabisa, hata siku foleni ya stesheni ya mafuta ikifika kona.

Nimempa jibu langu: E63, ile ya Ubelgiji. Hakufurahi, alishaizoea M5 kichwani. Akipata M5 yenye usukani wa kushoto, iliyobadilishwa beringi na yenye karatasi za kuthibitisha, nitabadili neno langu siku hiyohiyo na nitamsindikiza kuipokea. Wiki hii, lakini, ana ahadi ya simu na muuzaji wa Ubelgiji, Jumamosi saa mbili asubuhi. Nimemwomba asianze na bei. Amwambie yule bwana aliache gari nje usiku kucha, afungue boneti, aweke simu juu ya kile kibao chenye sahihi, ndipo awashe.