Kibanja cha ukoo: nani aulizwe kwanza?

Agosti 1988, mwanamke mmoja mzee wa Muleba, Kagera, aliuza kibanja, yaani shamba la nyumbani, alichoachiwa na baba yake kwa wosia halali. Hakuwa na wa kumtunza. Mnunuzi, mtu wa nje ya ukoo, alitoa shilingi 300,000. Kesho yake tu, mtoto wa ndugu yake alishafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha, akidai kuwa kwa mila za Kihaya mwanamke hauzi ardhi ya ukoo.

Mila hiyo hakuizua. Kanuni zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi hiyo, si kuiuza. Mwanamume aliweza kuuza, ila ndugu walikuwa na haki ya kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Shauri lilipofika Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya alisema ubaguzi huo unavunja Katiba. Hapo ndipo wengi huishia kusimulia. Lakini haki ya kukomboa hakuifuta: aliiweka sawa kwa wote, kisha akampa mdai miezi sita alipe zile 300,000 achukue shamba, akishindwa, libaki kwa mnunuzi.

Ukoo una hoja. Kibanja ndicho chakula cha nyumba, na ndimo walimozikwa wazee. Tena mwenye shida huuza kwa bei ya kutupa, na ndugu mwenye uwezo angeweza kuliokoa shamba.

Ila mbona ndugu huyo haonekani mpaka fedha zimeshatoka? Nani apande kahawa kwenye shamba linaloweza kukombolewa kwa bei ya zamani, hali shilingi inashuka thamani? Mnunuzi akihofia hivyo hupunguza bei, na anayeumia ni muuzaji, ambaye mara nyingi ni mjane au mgonjwa.

Shufaa ya Kiislamu, yaani haki ya kutangulizwa kununua mali inayouzwa, ina masharti yanayofaa kuigwa: mwenye haki, kwa kawaida mshirika katika mali, hudai mara anaposikia na hulipa bei ileile. Akinyamaza, haki imempotea.

Kwa maoni yangu, ndugu waulizwe kabla ya mauzo, kwa maandishi mbele ya halmashauri ya kijiji, wapewe siku chache na bei ya soko, na dada wahesabiwe sawa na kaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 tayari inabatilisha mila inayowanyima wanawake umiliki. Ndugu wakishindwa kulipa, mgeni anunue, na ukombozi wa baadaye usiwepo kabisa, hata kama makaburi yamo. Hayo yapimwe na kutengwa kabla ya kusaini.