Mwaka wa nne wa DeVonta Smith: je, kubaki chuoni kulimlipa?

Usiku wa Aprili 29, 2021, timu za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, zilipokutana Cleveland kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni, wapokeaji pasi watatu walichukuliwa ndani ya nafasi kumi za kwanza. Ja'Marr Chase wa LSU, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, alikwenda Cincinnati Bengals akiwa wa 5, ingawa msimu uliokuwa umekwisha hakucheza hata mechi moja. Jaylen Waddle wa Alabama alikwenda Miami Dolphins akiwa wa 6, naye alikuwa amevunjika kifundo cha mguu Oktoba 2020 na kukosa sehemu kubwa ya msimu. DeVonta Smith, aliyecheza mechi zote 13 za Alabama, akatwaa ubingwa wa taifa na Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, alisubiri hadi nafasi ya 10 ndipo Philadelphia Eagles wakamchukua.

Kila ninapowasikia watu wakimtolea Smith mfano kwamba kijana akivumilia chuoni thamani yake hupanda, naukumbuka mpangilio huo. Hadithi yake ni nzuri mno, na uzuri wake ndio unaowafanya watu waiulize maswali machache.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu: mpokeaji ni yule anayeanzia pembeni mwa uwanja, anakimbia njia iliyopangwa, anamwacha beki aliyekabidhiwa kumlinda, kisha anadaka pasi. Kanuni ya NFL inataka mchezaji awe amemaliza sekondari angalau miaka mitatu kabla ya kuchaguliwa. Ndiyo maana mwisho wa mwaka wa tatu chuoni ni njia panda. Smith aliifikia Januari 2020 akiwa na pasi 68, yadi 1,256 na tachidauni (mabao) 14 za msimu huo. Wenzake wawili wa nafasi hiyo hiyo, Henry Ruggs na Jerry Jeudy, waliondoka, wakachaguliwa wa 12 na wa 15. Yeye akabaki.

Wanaotetea uamuzi wake wana hoja nzito. Kabla ya hapo Smith alijulikana zaidi kwa pasi moja tu: ile ya yadi 41 kutoka kwa Tua Tagovailoa, Januari 2018, iliyoipa Alabama ubingwa dhidi ya Georgia katika muda wa nyongeza, naye akiwa bado wa mwaka wa kwanza. Mwaka wa nne ulimbadilisha kutoka mtu wa tukio moja kuwa mchezaji bora wa nchi nzima. Alidaka pasi 117 kwa yadi 1,856 na tachidauni 23. Alikuwa mpokeaji wa kwanza kupata Heisman tangu Desmond Howard wa Michigan mwaka 1991. Katika fainali dhidi ya Ohio State, Januari 11, 2021, alimaliza kazi kabla ya mapumziko: pasi 12, yadi 215, tachidauni tatu. Kidole kilipoteguka kipindi cha pili akatolewa, na Alabama ikashinda 52-24 bila yeye kurejea uwanjani.

Tena, mwaka huo ulimfundisha kazi. Waddle alipoumia, kila ulinzi ulijua mpira unaelekea kwa nani, na bado Smith alipata nafasi. Kijana mwembamba wa kilo 75 hivi aliwashinda mabeki wenye nguvu kumzidi kwa namna alivyokata kona, alivyopunguza mwendo na kuuongeza ghafla, alivyoficha mikono hadi sekunde ya mwisho. Ustadi huo hautoki mazoezini peke yake. Unahitaji mechi, tena nyingi. Nakubaliana na makocha kwa hili bila kusita.

Ila hoja ya thamani kupanda ndiyo inayonipa shida. Chase na Smith wote ni watoto wa Louisiana, mmoja wa Harvey, mwingine wa Amite. Mwishoni mwa Agosti 2020, katikati ya janga la korona, Chase alitangaza kwamba hatacheza. Alishaonyesha uwezo wake 2019: yadi 1,780, tachidauni 20, na LSU ikashinda mechi zote 15. Akakaa nyumbani, akafanya mazoezi, akachaguliwa nafasi tano juu ya mshindi wa Heisman. Alipoangusha pasi kadhaa katika mechi za majaribio za 2021, wapo waliosema ndiyo malipo ya kukaa mwaka mzima bila mchezo. Msimu ulipoanza aliwajibu kwa yadi 1,455 na tachidauni 13, na Bengals wakafika Super Bowl, fainali ya NFL. Mwaka 2024 aliongoza NFL kwa pasi, yadi na tachidauni kwa pamoja.

Timu za NFL, kwa hiyo, hazikulipia mwaka wa nne wa Smith kama inavyodhaniwa. Zilipima miili na kasi, na uzito wake uliwatia hofu hata baada ya kumwona akifanya yote yale. Huenda kubaki kulimpandisha kidogo juu ya nafasi ambayo angechaguliwa 2020. Nafasi ya 10 ni juu ya zile za Ruggs na Jeudy. Mkataba wake wa kwanza, kama dola milioni 20 kwa miaka minne, si haba. Lakini Justin Jefferson, aliyeondoka LSU baada ya mwaka wa tatu na kuchaguliwa wa 22 tu mwaka 2020, amekuja kulipwa dola milioni 35 kwa mwaka, wakati mkataba wa pili wa Smith ni wa milioni 25 kwa mwaka. Nafasi ya kuchaguliwa inasahaulika upesi.

Upande wa hatari, jina linalonijia kwanza ni la Justyn Ross wa Clemson. Mwaka 2018, akiwa wa mwaka wa kwanza, alidaka yadi 1,000 kamili na tachidauni tisa, na katika fainali dhidi ya Alabama hiyo hiyo alipata yadi 153. Nadhani angekubaliwa NFL asubuhi iliyofuata. Kanuni ilimzuia. Mwaka 2020 madaktari waligundua kwamba pingili za shingo yake zimeungana tangu kuzaliwa. Akafanyiwa upasuaji, akakosa msimu, akarudi 2021 asiwe yule wa mwanzo. Mwaka 2022 hakuchaguliwa na timu yoyote, akajiunga na Kansas City Chiefs kwa mlango wa nyuma. Msimu wake bora ulikijaza chuo mapato na sifa, naye akapata ada na chakula.

Watetezi wa kanuni husema inalinda miili michanga, na si porojo. Kijana wa miaka 18 akigongwa na mwanamume wa miaka 28 mwenye kilo 95 anaweza kuumia vibaya. Lakini mapigo ya chuoni nayo si ya mto wa pamba, na kwa miongo mingi yalipokelewa bila mshahara. Katika soka tumemwona Lamine Yamal akiichezea Barcelona akiwa na miaka 15, kwa kuwa klabu iliyomlea ndiyo iliyokuwa na haki ya kuamua kwamba yuko tayari. Mpokeaji wa Marekani hana wa kumpima kabla ya miaka mitatu kwisha.

Kilichobadilika ni fedha. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kuuza majina na sura zao kwa matangazo, na Juni 2025 mahakama iliidhinisha vyuo vyenyewe viwalipe moja kwa moja, hadi kama dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Kama Smith angefikia njia panda yake leo, kubaki kusingekuwa kamari ile ile. Angelipwa kwa kila pigo, na kwa sababu hiyo leo ningemshauri kijana wa aina yake abaki, jambo ambalo nisingethubutu kumshauri mwaka 2020.

Kwa Jeremiah Smith wa Ohio State, hata hivyo, fedha hazimalizi suala. Msimu wake wa kwanza, 2024, alidaka yadi 1,315 na tachidauni 15, na katika fainali dhidi ya Notre Dame pasi yake ya yadi 56 dakika za mwisho ndiyo iliyozima matumaini ya wapinzani. Mlango wa NFL haumfungukii hadi 2027. NFL tayari ina kamati inayowatathmini wachezaji wa mwaka wa tatu na kuwaambia kama wanastahili raundi ya kwanza, ya pili, au warudi darasani. Kamati hiyo ifunguliwe kwa wa mwaka wa pili, na atakayeambiwa ni wa raundi ya kwanza aachwe aamue mwenyewe. Wengi wangeambiwa warudi, na wangerudi. Ross angepata nafasi ya kuamua mwenyewe kabla ya kile kipimo cha shingo.