Ukijibu "mzima tu" unalipwa kama mzima: kliniki za sheria na maveterani wa Marekani

Kuna jamaa yangu mmoja, Mkenya wa Eldoret, alishinda ile bahati nasibu ya grini kadi, akafika Marekani akaingia jeshi la nchi kavu, miaka sita anaendesha malori. Sahivi mgongo umekwisha na masikio yanamlilia usiku kucha. Alipotoka jeshini akafungua madai ya fidia VA, ile idara ya serikali yao inayoshughulikia maveterani, akaitwa kwa daktari wa kumpima. Daktari anaingia, anamuuliza unajisikiaje leo, jamaa anajibu niko poa, nashukuru Mungu. Si ndio tulivyolelewa, mtu akikusalimia unajibu njema kwanza hata kama umelala kwenye machela, ugonjwa unakuja baadae salamu zikishaisha. Kumbe hiyo salamu ndio imeandikwa kwenye ripoti. Barua ikaja baada ya miezi kadhaa: masikio asilimia 10, mgongo sifuri.

Mtu wa kanisani ndio akamwambia kuna chuo hapo mjini kwao, shule yake ya sheria ina kliniki ya maveterani, hawatozi hata senti. Nimekuwa nae kwenye hiyo safari karibu mwaka sasa, barua zake zote napitia mimi maana lugha ya VA inahitaji mkalimani hata kwa mzungu, na nimebaki na mawazo mawili yanayogombana kichwani. Moja, hizi kliniki ni kitu kizuri sana. Mbili, watu wanazitarajia zifanye kazi ambayo sio yake.

Kwa asiyejua, kliniki ya sheria haina sindano wala panadol. Ni kama ofisi ndogo ya mawakili ndani ya chuo, wanafunzi wanashika kesi za watu wa kweli, juu yao yupo wakili mwenye kibali cha VA ambae mara nyingi ndio mwalimu wao, na mteja anasaini kukubali mwanafunzi aguse faili lake. Mwanafunzi anapata maksi, veterani halipi. William & Mary kule Virginia walianza 2008, Yale 2010, Harvard 2012, na siku hizi vyuo vyenye kitu kama hicho ni vingi. Hao William & Mary walifika mpaka kukaa Starbucks siku za Jumatatu, mzee anakuja na bahasha yake ya makaratasi, anakaa na mwanafunzi kwenye meza ya kahawa, wanaongea.

Sasa mbona mtu aliyepigana vita anasaidiwa na mwanafunzi na sio wakili kamili? Hapo lazima urudi nyuma sana. Wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe walijitokeza watu waliokuwa wananyonya wajane na vilema kwa jina la kuwafuatilia pensheni, Bunge likaweka kikomo cha malipo ya wakili: dola 5 mwaka 1862, ikapanda 10 mwaka 1864. Kwa wakati ule haikuwa mbaya. Shida ni kwamba hiyo dola 10 ikakaa pale pale, mkate unapanda, nyumba zinapanda, vita mbili za dunia zinapita, Korea, Vietnam, wakili bado dola 10. Mwaka 1985 maveterani waliopigwa na mionzi ya nyuklia walifika mpaka Mahakama ya Juu kuipinga, wakashindwa, mahakama ikasema mfumo wa VA umejengwa uwe wa kirafiki, haumgombanishi veterani na serikali, sasa wakili wa nini. Mpaka 1988 ndio Bunge likaiondoa na kuunda mahakama ya kusikiliza rufaa za maveterani. Yaani miaka 124 hakuna wakili mwenye akili timamu na kodi ya ofisi kulipa aliyejifunza hii sheria. Na hata leo wakili haruhusiwi kukutoza kwa madai ya kwanza, anaweza kukutoza baada ya VA kutoa uamuzi wa mwanzo, na kawaida anachukua asilimia 20 ya malimbikizo, yaani fidia ya miezi ya nyuma, ukishinda. Kwahiyo kama kesi yako haina malimbikizo ya maana, ama ni ngumu na inanuka kushindwa, simu yako haipokelewi.

Hilo ndio pengo kliniki zimekaa.

Alafu usidhani ni pengo la kujaza fomu tu. Angalia hesabu yao ya ulemavu, sijawahi kuona hesabu ya hivyo. Una asilimia 50 ya kitu kimoja na 30 ya kingine, mtoto wa darasa la tatu atakwambia 80. VA inasema hapana, ukishakuwa mlemavu asilimia 50 umebaki na nusu ya mtu mzima, ile 30 inatoka kwenye hiyo nusu, inakuwa 15, jumla 65, wanaisogeza 70. Ukiongeza ugonjwa wa asilimia 10 juu ya hapo bado unabaki 70. Na kwa mwaka 2025 asilimia 10 ilikuwa kama dola 175 kwa mwezi, wakati 100 kwa mtu asie na familia ilikuwa zaidi ya dola 3,800, haikatwi kodi, hata ukirudi kuishi Mombasa hela inakufuata. Kati ya hizo namba mbili kuna maisha tofauti kabisa.

Nilichokiona kwa macho yangu ni muda. Huyu binti aliyepewa faili la jamaa, nadhani hana hata miaka 25, alisoma kurasa zaidi ya 800, moja moja, mpaka akakutana na karatasi ya zahanati ya kambini, imeandikwa kwa mkono, jamaa alienda analalamika mgongo wiki mbili baada ya kuanguka kutoka nyuma ya lori. Mwenyewe alishasahau kabisa kama aliwahi kwenda! Siku ya kuandika maelezo yake binti akamuuliza swali ambalo daktari hakuuliza: asubuhi unavaaje soksi? Jamaa akanyamaza. Mimi nilikuwepo, nikadhani hajaelewa Kiingereza, nikataka kumsaidia. Akasema polepole, mke wangu ndio ananivalisha. Tumefahamiana miaka tisa, hilo sikuwahi kulijua. Wakili wa kulipwa kwa asilimia hana saa tatu za kungoja mtu aseme habari za soksi, mwanafunzi anazo.

Na kwa wazee wenye faili zilizopotea ndio usiseme. Julai 12, 1973 ghala la kumbukumbu za jeshi kule St. Louis liliungua, likaondoka na faili kati ya milioni 16 na 18, wengi wao watu wa jeshi la nchi kavu waliotoka kati ya 1912 na 1960. Ukiwa humo, kuthibitisha jambo ni kutafuta barua ulizoandika nyumbani, mashahidi waliobaki hai, rejista za kikosi. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye macho mapya na subira.

Ila pale kliniki zinaponinyamazisha kabisa ni kwa watu wa karatasi mbaya. Ukitoka jeshini unapewa cheti, na kama kimeandikwa umetoka kwa namna isiyo ya heshima, fidia na huduma nyingi unaweza kunyimwa. Wapo wengi waliofukuzwa kwa kulewa, kugombana, kutoroka, na nyuma yake ni akili iliyovurugwa na vita ambayo hakuna aliyeipima. Conley Monk, askari mweusi wa kikosi cha Marines aliyepigana Vietnam, ni mmoja wao. Yeye na kliniki ya Yale walienda mahakamani kwa sababu ya ucheleweshaji wa VA, na mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema mahakama ya maveterani ina uwezo wa kusikiliza kesi ya kundi zima badala ya mtu mmoja mmoja. Yale hao hao, kwenye kesi ya Kennedy dhidi ya jeshi, walipata makubaliano yaliyoidhinishwa 2021, jeshi likalazimika kuangalia upya maombi ya maelfu ya watu wa Iraq na Afghanistan waliokataliwa kubadilishiwa vyeti. Hakuna mtu angelipwa vizuri kwa kazi hiyo, ndio maana haikufanywa na mtu wa kulipwa.

Haya, upande wa pili, na sitaki kuupunguzia ukali.

Muhula wa chuo ni wiki kama 14. Rufaa ya VA inaweza kuchukua miaka. Binti wa soksi alimaliza Mei akaenda kufanya mtihani wa uwakili, faili likapewa kijana mwingine, kijana nae akaondoka Desemba, na kila anaekuja anaanza na ombi lile lile, nisimulie tangu mwanzo. Kwa mgongo sio shida sana. Kwa mwanamke aliyebakwa kambini, kusimulia upya kila baada ya miezi minne kwa mgeni ni adhabu. Kliniki nzuri zinajua hilo, zinaandika kila kitu, mwalimu anabaki, lakini mteja hakuzoeana na mwalimu, alizoeana na mwanafunzi.

Pia ni chache mno. VA ilimaliza madai zaidi ya milioni 2.5 kwa mwaka wa fedha 2024, wakiwemo watu wa ile sheria ya PACT ya Agosti 2022 iliyofungulia milango walioungua mapafu na moshi wa mashimo ya takataka kule Iraq na Afghanistan. Weka kliniki zote pamoja, hazijagusa hata povu la hapo. Na kwa sababu ni chache zinachagua, na zikichagua kuna kishawishi cha kuchukua kesi yenye somo zuri kuliko kesi yenye njaa kubwa. Mwalimu hawezi kusema hivyo hadharani ila darasa ni darasa, kesi ya kujaza fomu moja haimfundishi mtu sheria.

Kuna wanaosema kwahiyo ziachwe, tayari wapo DAV, American Legion, VFW, vyama vya maveterani wenyewe, wana wawakilishi wenye kibali na ni bure. Kweli wapo, na wanafanya madai mengi kuliko kliniki zitakavyowahi kufanya. Lakini mwakilishi mmoja anaweza kuwa na mamia ya watu mezani kwake, huyo hawezi kusoma kurasa 800. Na usipowapata hao unakutana na wale ambao Wamarekani wenyewe wanawaita papa, kampuni zisizo na kibali cha VA zinazojiita washauri. Jamaa yangu walishampigia. Mkataba ulikuwa anawalipa mara tano ya nyongeza ya mwezi, sasa piga hesabu, kutoka asilimia 10 mpaka 70 kwa mtu peke yake kwa viwango vya 2025 ni nyongeza ya kama dola 1,580, mara tano ni karibu 7,900, kwa kazi ambayo sheria inasema asie na kibali haruhusiwi kuitoza. Adhabu ya jinai kwa watu kama hao iliondolewa 2006, Bunge limekuwa likivutana irudishwe au wapewe leseni, majimbo nayo kila moja na lake, New Jersey ilitunga sheria ya kuwazuia, Louisiana ikatunga ya kuwawekea kikomo cha dola 12,500. Yani tumerudi kule kule 1862.

Hoja inayonisumbua zaidi ya zote ni nyingine lakini. Sheria inasema VA ina wajibu wa kumsaidia veterani kutafuta ushahidi wake, na ushahidi ukiwa nusu kwa nusu veterani ndio anashinda. Soma hiyo tena. Kwenye makaratasi hakuna mfumo mpole kuliko huo. Sasa kama VA ingefanya kinachosemwa hapo, binti wa miaka 24 asingekuwa ndio mtu wa kwanza kukutana na ile karatasi ya zahanati, ilikuwa kwenye faili LAO. Kuna wanaosema kliniki zinaifichia serikali aibu, zinafanya uzembe uvumilike. Siwezi kukataa. Ila mtu asie na soksi mguuni huwezi kumwambia asubiri mpaka aibu iive.

Mimi msimamo wangu ni kwamba kliniki zikae kwenye ncha mbili, za katikati ziwaachie wengine. Ncha moja ni kesi ngumu, karatasi mbaya, rufaa, wajane, kesi za makundi. Ncha nyingine ni saa moja tu kabla ya ile siku ya daktari. Saa moja! Kumkalisha mtu na kumwambia usijibu salamu, sema siku mbaya inakuwaje, halali masaa mangapi, hainami mpaka wapi. Na kwa ambae bado hajafungua madai, kumwambia atume ile notisi ya nia ya kudai mapema, inamshikia tarehe ya kuanza kuhesabiwa fidia mpaka mwaka mzima wakati anakusanya ushahidi. Kwa watu wetu hii ingefanya kazi kubwa, maana wapo sio wachache, Kiswahili chenyewe kilikuwa kwenye orodha ya lugha za mpango wa MAVNI ulioanza kuandikisha wageni jeshini 2009, watu walipewa sare kwa sababu ya lugha hii kisha wakaachwa wajieleze kwa lugha ya tatu mbele ya daktari mwenye nusu saa. Nitapingwa kwamba ushauri wa saa moja hauna maksi na chuo hakiwezi kuutangaza kama ushindi. Inawezekana, sijui mwalimu gani atakubali.

Rufaa ya jamaa bado iko VA, imeingizwa na ile karatasi ya zahanati na barua ya daktari mwingine inayounganisha kuanguka kwa lori na mgongo wa leo. Mwanafunzi wa tatu alipiga simu wiki iliyopita kujitambulisha, akauliza habari yako. Jamaa akajibu mgongo unauma, jana sikulala. Kisha ndio akamuuliza, na nyumbani kwenu hawajambo?