Kuhariri rekodi za vifaa kwa mkupuo: panapofaa na panapoponza

Ofisi ikipokea laptopu 60 kwa oda moja, hakuna sababu ya mtu kufungua rekodi 60 kujaza tarehe ileile ya ununuzi, mzabuni yuleyule na waranti ileile ya miezi 36. Katika Snipe-IT, programu huria ya rejista ya vifaa, unatia tiki rekodi zote, unachagua kuhariri kwa mkupuo, kisha unajaza fomu moja tu. Utakachoacha wazi hakibadiliki.

Wanaopinga husema kosa moja huzaa makosa 60. Ni kweli. Lakini kujaza moja moja nako kuna makosa yake, tena magumu kuyasaka: namba ya oda kwenye rekodi moja imeandikwa PO-118, nyingine PO 118, nyingine po118, na ukichuja oda hiyo nusu ya laptopu hazionekani. Kosa la mkupuo angalau linafanana kote. Ukiliona kwenye moja umeliona kwenye zote.

Hatari iko hasa kwenye taarifa ambazo hazitoki kwenye invoisi, na mahali kifaa kilipo ndiyo mfano mkubwa. Snipe-IT huweka mahali pa aina mbili: pa kawaida, yaani pale kifaa kinaporudi kisipokuwa na mtu, na pale kilipo sasa. Kikikabidhiwa mtumishi, mahali kilipo sasa hufuata kituo chake. Fomu ya mkupuo inakuuliza unabadili papi, na kati ya majibu yake kuna pa kawaida peke yake na pote pawili. Idara inapohama Posta kwenda Mikocheni, mtu mwenye haraka huchagua pote pawili, na laptopu ya mtumishi aliyeko Dodoma nayo inahamia Mikocheni, kwenye rejista tu. Wakati wa uhakiki itatafutwa kwenye chumba ambacho haijawahi kuingia.

GLPI, programu nyingine huria ya rejista ya vifaa, ina mtego wake. Kompyuta zinazojazwa na wakala, yaani programu ndogo inayokaa kwenye kompyuta na kutuma taarifa zake yenyewe, ukizibadilisha kwa mkono, sehemu uliyogusa hufungwa ili wakala asiifute. Kinga nzuri, ila ukigusa kompyuta 200 kwa mkupuo umefunga sehemu 200, na taarifa mpya za wakala haziingii hapo mpaka uzifungue.

Njia ya kupakia faili la CSV, jedwali la maandishi matupu, ina uwezo mkubwa kuliko fomu, kwa kuwa kila mstari unabeba thamani yake. Hapo mharibifu mara nyingi ni Excel. Ukilifungua faili kwa kubofya mara mbili, namba ya mali 00417 inageuka 417, namba ya mtengenezaji 52E07 inageuka 5.2E+08, na namba ya kadi ya SIM (ICCID) yenye tarakimu 19 inabaki na 15 za kwanza, zinazofuata zote sifuri. Lipitishe kwenye menyu ya Data na uzitangaze safu hizo kuwa maandishi kabla hazijapakiwa. Tarehe ziandikwe 2024-04-03, isije Aprili ikasomwa Machi. Snipe-IT hulinganisha mistari kwa namba ya mali, kwa hiyo hiyo 417 haitasahihisha 00417. Itaingia kama kifaa kipya.

Bakapu ni lazima, ila si kitufe cha kurudi nyuma: ukiirejesha, makabidhiano yote yaliyofanyika baada yake yanapotea. Kilicho bora ni kutoa kwanza CSV ya rekodi zilezile, yenye namba ya mali na safu unazotaka kugusa. Mambo yakienda kombo, unaipakia hiyo hiyo ukiwa umetia tiki ya kusasisha rekodi zilizopo. Jaribu rekodi 5 kwanza, ufungue historia ya mojawapo uone kilichobadilika.

Kuhamishia vifaa kwa mkupuo kwenye hali ya kufutwa, yaani kuondolewa kwenye matumizi, hapo wapingaji wana haki. Orodha iliyosainiwa haitoshi. Namba zisomwe kwa skana kwenye vifaa vyenyewe, na zile tu zilizosomwa ndizo zitiwe tiki.