Mtoto wa moyo kunyonya tu hakumtoshi
Hapo mliposema mtoto mwenye tundu moyoni anangojea anenepe kwanza ndo apasuliwe, kwa hivyo mama "azidishe kunyonyesha", mimi sikubali, maana mtoto wa moyo hanyonyi kama wenziwe. Wangu alikuwa akishika titi dakika tano tu jasho la kichwa linamtoka, anahema mbio mbio, kisha huyo kalala, mi najua kashiba kumbe kachoka. Nyanyake akasema ni jicho hilo, akataka apewe maji ya sukari, bora nilikataa. Nesi ndo akanieleza moyo ule unafanya kazi maradufu, mtoto mchanga asiye na ugonjwa anataka kalori kama 100 kwa kilo kwa siku lakini huyu afika 120 hata 150, yani ahitaji zaidi na nguvu za kuvuta hana. Nikafunzwa kukamua maziwa, yale mepesi ya mwanzo naweka kando, yale mazito ya mwisho yenye mafuta ndo anapewa, kidogo kidogo kila baada ya saa mbili, usiku kwa mrija wa puani ushukao hadi tumboni. Nimekamua ndani ya boti ya Mokowe chini ya buibui, watu wakatazama wakachoka wenyewe. Na si wote wangojao, kuna wale mishipa mikubwa miwili itokayo moyoni imebadilishana mahali, hao hupasuliwa wiki za mwanzo. Nyie wa Lamu na Malindi mliopeleka mtoto Nairobi na mrija, maziwa mliyahifadhi vipi njiani na joto hili?